Kwanza Pumzi, Halafu Macho

Mwaka ambao baba alivuka ziwa na madramu ya mawese asirudi, mimi nilikuwa na miaka minane. Taabu yangu ilianzia hapo. Naiweka mbele mapema asije mtu akafikiri nilizaliwa na mali hii mnayoiona nikiwa nimekaa barazani kwangu Rumonge. Shule niliishia darasa la pili. Ninaandika kama ninavyoongea, na anayetaka Kiswahili cha redio akawashe redio.

Kilichonikumbusha ni harufu. Mjukuu wangu wa kike aliletewa mnyama wa kitambaa kutoka Bujumbura, mweupe, laini, ana utepe shingoni. Mbwa wa jirani akamchana mgongo. Mtoto akaja kwangu analia, matumbo ya sponji yamejaa mkononi. "Bibi, mutibu," akasema. Mimi nyuma ya nyumba niko na uwanja wa kukamulia ngazi, hayo matunda ya michikichi, na makapi yake hayakosekani. Ninyi mnazijua zile nyuzi zinazobaki mafuta yakishatoka, zile tunazowashia moto. Nikachukua makavu, nikaanza kumjaza yule mnyama, na kabla sijashona nikamnusa bila kufikiri. Nikakaa chini palepale. Watu wa nyumbani wakakimbilia maji, wakidhani ni presha. Haikuwa presha. Ilikuwa harufu ya Shefu.

Mama yangu aliuza nguo za chagua, zile ambazo wenzetu wa Kigoma wanaziita mitumba. Alichukua marobota ya nguo za watoto ambayo wanawake wenzake waliyakataa, kwa sababu ndani yake mlijaa vitu visivyouzika: soksi iliyopoteza mwenzake, kofia za sufu ambazo hapa kwetu ukimvika mtoto unamuua kwa joto, na wanyama wa kitambaa. Hao wanyama walifika wamebanwa na kamba za robota mpaka wamekuwa bapa kama samaki wa kukausha. Wengi hawakuwa na macho. Wauzaji wengine waliwapasua wakawafutia viatu.

Mama aliwafua ziwani kwa sabuni yetu ya mawese, akawaanika. Halafu alifumua mshono wa mgongo, akatoa pamba iliyoganda mabonge, akawajaza makapi ya ngazi aliyoyaosha kwa maji ya majivu na kuyakausha. Majivu hayakutosha. Kila mnyama aliyetoka kwa mama alibaki na harufu ya mawese kwa mbali, kama mtoto wa hapa hapa. Macho aliweka vifungo vya mashati.

Mmoja hakuuzwa. Huyo mgongo wake haukufungwa, uliachwa wazi kiasi cha mkono wa mama kuingia. Alikuwa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala kama kofia, na tumbo lake lilimtangulia. Kwa hilo tumbo la bosi tukamwita Shefu, yaani mkubwa wa kazi. Ni mnyama gani, hakuna aliyejua. Leo naona kwenye televisheni kwamba ni dubu, na dubu kwetu hayupo.

"Mama, hii ni nyama gani?" mtu aliuliza.

"Weye unaona nini?"

"Naona kiboko."

"Basi macho yako ni mazima. Ni kiboko."

Akaja mwingine, kanzu yake imepigwa pasi. "Dada, unauza mbwa sokoni, na weye ni Muislamu?"

"Mbwa gani hana mkia? Huyu ni shefu, anangoja gari ya kwenda ofisini."

Watu wakacheka, wakasimama. Na wakishasimama, mama hakusema tena.

Niwaambie alivyofanya, maana watu wengi wanafikiri ukitaka kumfanya mnyama wa kitambaa aishi unamtikisa tu na kumsemesha kwa sauti ya puani. Huyo hujamfanya aishi, umemtesa. Mama alimlaza Shefu mapajani, mkono wa kulia umeingia mgongoni, hausogei. Mwanamke anapita, ameshika mtoto. Shefu amelala. Halafu kifua kinapanda kidogo, kinashuka. Kinapanda, kinashuka. Mtoto anasimama. Anamvuta mama yake nguo. Shefu anageuza kichwa polepole, anamtafuta mtoto, anampata. Anamwangalia. Halafu anaona haya, anajificha kwapani kwa mama, mwili wote. Kimya. Halafu jicho moja linachungulia. Hapo ndipo mtoto alipoangua kilio akitaka apewe, na mzazi akaingia kwenye kapu la wale wengine kuchagua.

"Kwanza pumzi," mama alinifundisha. "Halafu macho. Halafu ndio mwili ufuate. Mutu akigeuka, macho yanatangulia. Na asiongee hata siku moja. Akiongea, watu watautafuta mudomo wako, na wakikuona weye, yeye amekufa."

"Na mimi niangalie wapi?"

"Umwangalie yeye. Ukimwangalia yeye, wote watamwangalia yeye. Weye haupo."

Mama hakuwa na kelele za soko. Alikaa pale mchana kutwa kama hayupo, na watu wakarudi nyumbani wakimzungumzia Shefu. Majirani walimsalimu Shefu kwanza.

Baba hakuwa mvuvi. Alipeleka mawese na sabuni upande wa Kongo, akarudi na mihogo mikavu na vitenge. Alikuwa mtu wa kuchelewa. Alipochelewa safari ile sikushtuka, nilizoea kusikia yuko ng'ambo. Kiangazi, hewa ikiwa safi, unaiona milima ya ng'ambo wazi kabisa, na wakulima wa huko wanachoma majani, moshi unapanda. Mimi nilikuwa nikichagua moshi mmoja, ule uliokuwa karibu na maji, nasema huo ni wa baba, anapika. Siku nyingine ulikuwa mnene nikasema leo amepata nyama.

Kumbe wavuvi wa Gitaza walikuwa wameshaokota madramu ya baba. Hilo sikuambiwa. Wazee walikuja nyumbani, wakakaa na Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa ameshuka kutoka Kizuka. Sisi watoto, mimi na mdogo wangu Hadija ambaye alikuwa bado analala mchana, tukaambiwa twende tukacheze. Tulipochoka kucheza tukarudi. Mama alikuwa ameogeshwa, amevikwa nguo nyeupe, amewekwa chumba cha ndani, na mlangoni limetundikwa pazia la kitenge.

"Mama yenu yuko kwenye eda," Shangazi akasema. "Musimusumbue."

Mimi nikauliza, "Inamuuma wapi?"

"Haiumi mahali. Itaisha."

"Itaisha lini?"

"Siku zake zikiisha. Enda uteke maji."

Sasa ninyi nyote mnajua eda ni nini. Mwanamke aliyefiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku zake, hajipaki mafuta, hajipambi, haendi sokoni. Lakini mtoto wa miaka minane atajua wapi? Hadija alipougua surua waliongea maneno hayo hayo. Yuko kwenye surua, msimsumbue, siku zake zikiisha itaisha. Walimweka chumba hicho hicho. Nikaelewa kwamba eda ni ugonjwa, na mama ameupata. Kilichonitisha ni kwamba Hadija alipewa dawa, na mama hakupewa. Wanawake waliingia, wakasema kwa sauti ya chini, wakatoka wakijifuta macho. Hakuna aliyebeba hata chupa. Nikasema basi ugonjwa huu umewashinda.

Na kweli alikuwa mgonjwa, hilo sikukosea. Aligeukia ukuta. Sahani iliingia imejaa, ikatoka imejaa. Hakusema. Shangazi alipiga kelele za kumsihi, Mama Kabura wa jirani alimsihi kwa Kirundi, yeye akawa kama haisikii lugha yoyote. Mikono yake, ambayo ilikuwa haikai bila sindano, ililala juu ya mkeka imefunguka.

Mama Kabura aliuza ndagala, yaani dagaa, pembeni ya mkeka wa mama sokoni. Akamwambia Shangazi, "Unipe huyu mukubwa, akae na bidhaa ya mama yake, isioze." Nikaenda. Nikamtoa Shefu kwenye gunia, nikaingiza mkono wangu, nikamtikisa nilivyoweza. Hakuna aliyesimama. Mkono wangu ulikuwa mwembamba ndani ya tundu lililokatwa kwa kipimo cha mama. Kichwa cha Shefu kilining'inia.

"Amahoro, mutoto," Mama Kabura akaniambia, huku anapepea inzi. "Shefu iko na malaria?"

"Haumwi."

"Anatetemeka hivi, nani atamuchukua? Mupeleke hospitali."

Wauza samaki wote wakacheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini mimi tangu zamani ukinicheka unanipa kazi. Nikarudi nyumbani, nikakaa karibu na Hadija aliyekuwa amelala usingizi wa mchana, nikamwangalia. Nikaona kabla hajaamka, tumbo linabadilisha mwendo. Pumzi inakuwa ndefu, kisha fupi. Halafu kope. Halafu kichwa. Mkono ndio wa mwisho. Nikamwekea Shefu pembeni, nikawa namfuata Hadija: akivuta, Shefu anavuta, akishusha, Shefu anashusha. Nilijaza kitambaa kwenye tundu ili shingo isilegee. Nilifanya hivyo kila mchana, mpaka siku moja Hadija akafumbua macho, akamwona Shefu anapumua, akamsogezea mkeka apate nafasi. Mimi hakuniona. Nikajua nimeweza.

Na nilipojua nimeweza, sikufikiria soko. Nilifikiria pazia.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, Shangazi amelala kidogo. Nikakaa chini nje ya chumba, mgongo ukutani, nikapitisha mkono wenye Shefu chini ya pazia. Sikuona ndani. Nilimweka Shefu sakafuni, akalala. Akapumua. Sikufanya zaidi ya hapo. Mkono ulipokufa ganzi nikamtoa. Kesho yake nikafanya tena, na kesho yake tena. Kitu kilichonishangaza ni kwamba niliweza kusikia mkeka. Siku ya kwanza mkeka haukulia. Baadaye, Shefu akishaanza kupumua, nilisikia mkeka unalia kidogo, kama mtu amegeuza bega.

Nikaanza kumpitisha pamoja na sahani chini ya pazia. Ugali na ndagala. Shefu anaamka, anaiangalia sahani, anaangalia kule nilikojua mama yuko, anaiangalia sahani tena. Siku hiyo nilifanya haraka, nikamgeuza kichwa peke yake.

"Shingo," sauti ikasema ndani. Ilikuwa imekauka, sikuitambua. "Umemuvunja shingo. Kifua kinatangulia."

Hilo ndilo neno la kwanza mama alilosema tangu alipoingia mle. Nikamlaza Shefu, nikaanza upya. Pumzi. Macho. Kifua, halafu shingo. Nikasikia kidole kinagusa sahani.

Niliamini nimepata dawa. Wakubwa wote wameshindwa na ugonjwa wa eda, mimi nimeupata uchochoro wake. Nilitembea sokoni kifua mbele. Mama alikuwa anakula kidogo, siku hadi siku, na Shangazi alipoona sahani imepungua alimshukuru Mungu na akajishukuru mwenyewe kwa mapishi.

Halafu mama akaanza kuongea na Shefu.

Kwanza mambo madogo. Kwamba paa linavuja pembeni. Kwamba Hadija anakohoa, apakwe mawese kifuani. Mimi nje nasikia, Shefu anapumua, anainamisha kichwa kama anayesikiliza. Nikampaka Hadija mawese kifuani. Nikaona nimekuwa mtu mkubwa.

"Weye Shefu unajua kusikiliza," mama akasema siku moja. "Hawa wakija wananiambia nivumilie. Weye haujaniambia nivumilie."

Shefu akapumua.

"Wavuvi wa Gitaza wameokota madramu. Yote, hakuna lililopotea. Mafuta yanaelea, Shefu. Mutu haelei." Mkeka ukalia. "Wamemusalia bila mwili. Wananiambia nikae eda, nimekaa. Lakini nikitoka humu niende nikamulilie wapi? Kaburi gani? Nisimame ufukweni niangalie maji yote hayo?"

Mimi nilikuwa nje ya pazia, mkono ndani. Nilitaka kuutoa. Nilitaka kuingia. Lakini nilijua mkono ukishuka mama ataona kwamba nyuma ya Shefu iko mtu, na hatasema tena, na akiacha kusema ataacha kula. Nikabaki. Kifua changu kilikuwa kimesimama na kifua cha Shefu kilikuwa kinapanda na kushuka. Sijui niliwezaje. Mimi nimezaa, nimezika, nimebeba madramu ambayo wanaume waliyaogopa. Kazi nzito kuliko ile sijaifanya.

"Ulikuwa unamupenda," mama akamwambia Shefu. "Alikuwa anakuvuta sikio."

Shefu akainama. Ilikuwa ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo.

Nilipotoka nje milima ya Kongo ilikuwa wazi. Moshi wangu ulikuwepo karibu na maji, pale pale. Kulikuwa na mingine mingi, na yote ilikuwa ya majani. Hadija akaniuliza baba leo anapika nini. Nikamwambia maharage.

Sikumwambia mtu kwamba ninajua. Ningemwambia nani? Mama hajaniambia mimi, amemwambia Shefu. Nikaendelea kwenda kwenye pazia kila alasiri. Sikuwa tena daktari wa mtu, hiyo eda nilishaielewa. Nilienda kwa sababu kama nisingeenda angeongea na ukuta.

Siku za mwisho wa eda zilipokaribia, Shangazi alianza kuniangalia kwa namna nyingine. Alinishika mabega, akanigeuza, akaangalia viganja vyangu. "Mutoto huyu iko na nguvu," akamwambia Mama Kabura, na Mama Kabura akaangalia ndagala zake.

Alasiri hiyo Shefu aliamka kama kawaida. Mama hakugusa sahani.

"Shangazi yao amesema atamuchukua mukubwa," akasema. "Kizuka iko kazi ya ngazi, iko chakula, na yeye watoto wake wote wamekwenda. Mudogo atabaki na mimi. Sina mudomo wa kukataa. Miezi hii yote nimekula kwake, mimi na watoto wangu. Sina mume wa kusema. Nguvu ya kusimama sokoni sijui kama ninayo." Halafu akafanya, pole pole, kitu ambacho hakuwahi kukifanya na Shefu, hata sokoni kwa mzaha. Akamuuliza swali akangoja jibu. "Weye unaonaje?"

Shefu haongei. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa. Na mimi, mtoto wa nyumba ile, singeweza kufungua pazia nikamwambia mama hapana, wakati wazee wameshapanga. Kwetu mtoto hasemi hapana. Nilikuwa na mkono tu. Basi nikamtikisa kichwa Shefu. Kulia, kushoto, kulia. Nilisahau pumzi, nilisahau macho, nilisahau kifua. Nilimtikisa kama siku ile ya malaria, mpaka kitambaa nilichojaza shingoni kikachomoka na kichwa kikaanguka upande.

Mkeka ukalia.

"Umechoka, Shefu," akasema. "Enda ulale."

Nikautoa mkono.

Miaka mingi niliamini kwamba hakuelewa. Kwamba aliona mkono umechoka, na kwamba kama ningefanya vizuri, pumzi kwanza, angeijua ile hapana. Nilijilaumu kwa ufundi. Halafu nikapata watoto wangu, na siku moja nikiwa na sindano mkononi nikaona upumbavu wangu. Mama alilikata tundu lile kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe. Shingo ya Shefu ilipolegea alijua ni mkono gani ulio ndani. Alijua tangu siku ya kwanza, mkeka haujalia. Aliposema madramu yameokotwa alikuwa ananiambia mimi. Aliposema Kizuka alikuwa ananiambia mimi. Alitafuta mahali pa kusemea mambo ambayo mama hawezi kumwambia mtoto usoni, na hapakuwa na mahali pengine ila kwa Shefu. Na aliponiuliza unaonaje, aliniuliza mimi, nami nikamjibu. Alisikia. Halafu akaliita jibu langu uchovu, kwa kuwa uchovu una dawa, mtu analala.

Au labda kweli aliona mkono umechoka. Sijui. Nimefika umri huu na sijui.

Eda ikaisha. Wanawake wakaja kumwogesha, wakamvika kitenge cha rangi, wakampaka mafuta. Alitoka akiwa mwembamba, jua likamfanya afumbe macho. Wote walifurahi. Hadija alimshika mguu hakumwachia. Mimi nilivaa gauni la kutoka robota, lina mifuko mbele, na Shangazi alikuwa ameshafunga nguo zangu kwenye mfuko.

Nilidhani nitapewa Shefu. Sikuomba, lakini nilidhani.

Gari la Kizuka lilisimama barabarani juu kidogo ya nyumba yetu. Shangazi akanishika mkono. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, na Shefu yuko mkononi mwake, mkono wa kulia, ule wenye kipimo chake. Shingo ilikuwa imekaa sawa. Nilikuwa nimesahau anavyokuwa akiwa kwenye mkono ule.

Shefu alikuwa amelala. Halafu akapumua. Akainua kichwa pole pole, akatafuta, akanipata. Akaniangalia. Sijaangaliwa hivyo na mtu mwingine tangu siku ile. Halafu akaona haya, akajificha kwapani kwa mama, mwili wote. Nikasimama. Shangazi akanivuta. Nikatembea kinyumenyume. Jicho moja likachungulia.

Nililia kama watoto wote wa soko. Nilimwangalia Shefu mpaka gari likapinda na michikichi ikamficha. Mama alikuwa fundi.

Kizuka nilibeba ngazi kichwani, nilikanyaga, nilikamua. Chakula kilikuwepo, hapo Shangazi hakudanganya. Shule haikuwepo. Mvua zilizofuata mama alishikwa na homa, akaenda. Kwetu maiti haingoji. Nilipofika Rumonge udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka. Shefu hakuna aliyejua alikokwenda. Labda aliuzwa na kapu lote.

Uso wa mama wa sokoni ninao kidogo, uso wa upande, akimwangalia Shefu. Uso wa asubuhi ile ya gari sina. Sikuuangalia. Alikuwa amesimama mbele yangu, jua limempiga, na mimi niliangalia kitambaa. Sijui kama alilia. Nilimuuliza Hadija, yeye alikuwa ameshika mguu wake, yeye alibaki.

"Dada," akaniambia, "na mimi nilikuwa namwangalia Shefu."

Juzi nilipomaliza kumjaza yule mnyama wa mjukuu wangu, nilikuwa bado sijafunga mgongo. Mtoto akasema, "Bibi, amekufa?" Nikaingiza mkono. Mkono ulikumbuka wenyewe, mimi sikuuambia. Kifua kikapanda, kikashuka. Mtoto akaacha kulia, akasogea, macho yamekwama palepale kwa yule mnyama.

Nikasimamisha mkono. "Niangalie mimi kwanza," nikamwambia.

Akaniangalia. Alikuwa na haraka, lakini aliniangalia. Halafu akarudi kwa mnyama wake, nami nikampa pumzi.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, bati lake halivuji pembeni yoyote. Niko na mashine ya kukamulia ngazi na uwanja wake. Niko na shamba la michikichi Kizuka, lile lile nililobebea ngazi nikiwa mtoto, nimelinunua. Niko na cherehani, meza mbili sokoni, watoto, wajukuu, na Hadija nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkono wangu wa kulia ni mzima. Picha ya mama sina.